Treni ya Wasikilizaji

Wanaosema msafiri ana ruhusa ya kutia chumvi hawajafika Usikivu. Nchi ile ina chumvi yake ya kutosha. Mimi nimeandika niliyoyaona, tena nimepunguza, kwa sababu nina marafiki wachache ambao bado wananiamini na sitaki kuwapoteza. Nilifikaje huko na kwa njia ipi, hayo hayamfai mtu yeyote. Nilifika nikiwa na njaa na viatu vimeachama, na nikiwa katika hali hiyo mimi si mtu mwema sana, jambo ambalo msomaji alikumbuke kila atakaponiona nakasirika.

Usikivu ni nchi ndefu na nyembamba. Mwisho wake mmoja ni mji wa Ukingoni, na mwisho wa pili ni Katikati, mji mkuu. Niliuliza kwa nini mji ulioko mwishoni unaitwa Katikati. Nikajibiwa, bila kucheka, kwamba serikali inakaa pale, na palipo na serikali ndipo katikati. Kati ya miji hiyo miwili ipo reli moja, na kando ya reli ipo barabara. Treni hupita asubuhi na mabasi huifuata. Mtu wa Ukingoni akitaka hospitali, mahakama, kitambaa cha harusi au daktari wa meno, hana budi kwenda Katikati. Hapo pana mambo.

Zamani, walinihadithia, treni zilikuwa chache na mabasi yalikuwa mabovu. Abiria walilalamika mpaka wakachoka, na serikali ikawa kama sikio la kufa lisilosikia dawa. Siku moja watu wakalala relini, wanaume kwa wanawake, mito yao kichwani. Serikali ikaogopa. Ikamtuma waziri akawaulize, "Mnataka nini hasa?" Basi mtu mmoja katika umati, ambaye jina lake limehifadhiwa kwa heshima kubwa, akawahi kusema, "Tunataka kusikilizwa." Wangemwacha mwingine aseme kabla yake, pengine angeomba mabehewa. Lakini huyu ndiye aliyewahi, na waziri akalidaka neno lake hapo hapo, akarudi nalo mbio, likawa sheria: abiria hatasafiri bila kusikilizwa.

Ikaundwa Idara ya Kusikiliza Abiria. Kila abiria akapewa msikilizaji wake, amevaa mshipi wa manjano begani, amekaa kiti cha pembeni yake. Nusu ya viti ikaondoka siku hiyo. Watu wakalalamika kwamba viti havitoshi. Wasikilizaji wakasikiliza, wakapeleka habari Katikati, na Katikati wakaona kwamba lalamiko zito namna hiyo haliwezi kubebwa na mtu mmoja, wakaongeza msikilizaji wa pili. Lalamiko likazidi, nao wakazidi. Ukitafuta mahali ambapo kosa lilianzia hupapati, maana kila hatua ilichukuliwa kwa nia njema na watu wenye elimu.

Mimi hayo yote sikuyajua asubuhi ile nilipofika kituoni Ukingoni. Niliwakuta watu wamepanga mstari mzuri ambao mfano wake sijapata kuuona popote, wengine na mabegi, wengine na kuku. Treni ikaingia. Madirisha yote yalikuwa manjano. Ndani hapakuwa na nafasi hata ya kuingiza fimbo. Wasikilizaji walikaa, walisimama, walibanana, na kila aliyekuwa karibu na dirisha alitoa kichwa na kuweka kiganja nyuma ya sikio. Watu wakasogea, mmoja mmoja, kila mtu na dirisha lake. Huyu akasema viti. Yule akasema basi la jana lilimpita mvuani. Mama mmoja akasema nyanya zake zinaoza. Kutoka ndani yakarudi maneno matatu tu, ambayo ndiyo pekee msikilizaji anaruhusiwa kuyatamka: "Naam." "Nakusikia." "Endelea."

Honi ikalia, treni ikaondoka. Sikumwona aliyepanda, sikumwona aliyeshuka. Watu wakachukua kuku wao wakarudi majumbani wametulia, na nyuma yangu nikamsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Leo wamesikiliza vizuri."

Aliyebaki alikuwa mwanamke mmoja mfupi, mnene, mwenye kikapu mkononi, akiitukana treni ambayo ilikuwa imeshatoweka. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni mgeni. Mwenyeji asingekaa anaishangaa reli tupu."

Huyo ndiye Bi Nyanzala, muuza mbegu katika soko la Ukingoni, mwanamke ambaye mdomo wake, kwa maelezo ya majirani, haujawahi kupumzika isipokuwa akila, na hata hapo si sana. Alinipa kiazi kutoka kwenye kikapu na habari zake zote kwa pamoja. Binti yake, Kabula, aliolewa Katikati, na sasa alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza. Na katika nchi ya Usikivu mtoto hupewa jina na bibi mzaa mama. Siku kitovu kinapodondoka, kabla jua halijazama, bibi hulitamka jina mwenyewe sikioni mwa mtoto. Kabla ya hapo jina hilo halisemwi kwa mtu yeyote, wala haruhusiwi mwingine kulisema kwa niaba yake.

"Na bibi asipofika?"

"Jua likizama, mtoto ni wa serikali kumpa jina. Na serikali ina jina moja tu la watoto wa namna hiyo. Wanawaita Subiri."

Nilidhani ananitania. Baadaye nilisimama sokoni nikaita "Subiri!" nione kitatokea nini, na nusu ya soko ikageuka.

"Nakuja hapa kila asubuhi tangu nilipopata habari," akaendelea Bi Nyanzala, "nao wananiambia naam, nakusikia. Kitovu hakina adabu, mgeni. Hakingoji treni."

Nikamshauri atembee. Akayatazama magoti yake, kisha akanitazama mimi. "Kwa magoti haya? Ningefika mjukuu wangu ana mume." Nikamshauri basi. Akasema kwenye basi ni yale yale, viti vyote ni vya wasikilizaji isipokuwa cha dereva, na dereva naye ana wake wa kumsikiliza, amekaa juu ya gia. Tumaini lake lilikuwa moja. Mlangoni mwa behewa la mwisho palikuwa na nafasi ya kusimama mtu mmoja, na watu wa Ukingoni walipeana zamu. Kesho ilikuwa zamu yake.

Nilimfurahia sana mwanamke yule, na kiazi chake kilikuwa kitamu. Kwa hiyo alasiri, niliposikia kwamba kuna Baraza la Maoni ya Abiria, nikaenda nikiwa na nia ya kumsaidia.

Baraza liliongozwa na Mheshimiwa Lubago, Msikilizaji Mkuu wa nchi nzima, mtu mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto. Alikuwa ziarani Ukingoni. Alikuja kwa gari lake dogo lenye kiti kimoja, kwa sababu treni, alieleza, ni ya wananchi. Mada ya siku ile ilikuwa imeandikwa ubaoni: je, abiria wanapendelea kuachwa na treni au kuachwa na basi?

Msomaji asidhani kwamba mjadala ulikuwa wa mzaha. Watu walikuwa wamejiandaa. Mwalimu mmoja mstaafu akasema treni humwacha mtu kwa heshima, maana hupiga honi kwanza na kumpa nafasi ya kuaga. Kijana wa upande wa pili akajibu kwamba heshima haijazi tumbo. Basi linakuacha karibu na nyumbani, unarudi mapema, unawahi hata kulima. Mama mwingine akasema yeye amewahi kuachwa na vyote viwili siku moja, na kwa kweli treni ilimuuma zaidi kwa kuwa ni ndefu, huchukua muda kumaliza kumwacha. Wakapiga makofi, wakapiga kura, kura zikalingana. Mheshimiwa Lubago akafikiri, akatoa uamuzi ambao ulishangiliwa na pande zote. Kuanzia sasa, alisema, ratiba zitapatanishwa, ili mwananchi aliyeachwa na treni apate muda wa kufika barabarani na kuachwa na basi, bila ubaguzi.

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimekasirika, nami nikikasirika hudhani nina akili.

"Waheshimiwa," nikasema, "mimi ni mpita njia. Lakini naona jambo hili ni jepesi. Washusheni wasikilizaji, wapandisheni abiria."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Kisha wakaanza kupiga makofi, kwanza taratibu, halafu kwa vishindo, wakasimama. Mheshimiwa Lubago alitoa leso akajifuta macho. Akasema tangu aanze kazi hajasikia maoni yenye uzito kama hayo. Akasema maoni kama hayo yakisikilizwa ovyo ovyo itakuwa aibu kwa taifa. Papo hapo akaagiza kwamba kundi jipya la wasikilizaji liajiriwe kwa ajili ya maoni yangu peke yake, na kwamba lianze kazi kesho katika treni ya asubuhi. Karani akainama akamnong'oneza kwamba treni imejaa. Mheshimiwa akauliza kama hakuna hata upenyo. Karani akasema upo, mlangoni mwa behewa la mwisho, na paa la behewa hilo kwa watakaozidi.

Nilitoka nje nikiwa sijui niweke wapi uso wangu. Bi Nyanzala alikuwa ananingoja kwenye ngazi, mikono kiunoni.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," akaniambia. "Wewe umekuja mwenyeji azidiwe. Nilikuwa na pa kusimama, mwanangu. Sasa hata pa kusimama sina."

"Mama, nilitaka kukusaidia."

"Nimeona. Usinisaidie tena."

Nikaketi kwenye ngazi kwa huzuni, naye akaketi pembeni, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuweka kinyongo. Alihitaji mtu wa kuongea naye. Akanieleza jambo ambalo kila mtu wa Ukingoni analijua na hakuna anayelisema barazani. Njia ya kusafiri ipo. Unavaa mshipi wa manjano. Unajiandikisha kuwa msikilizaji, unapanda treni kila siku kama kazi, kabla haijaingia kituoni, ukifika Katikati unafanya shughuli zako. Wengi wa wale niliowaona madirishani asubuhi ni abiria kama abiria wengine.

"Sasa kwa nini hukufanya hivyo tangu mwanzo?"

"Kwa sababu ya kiapo. Ukivaa mshipi husemi neno lako mwenyewe mpaka mvua za masika ziishe. Ni yale matatu tu, usiku na mchana. Ukisema la nne, unavuliwa mbele ya watu na hupandi tena treni wala basi maisha yako yote. Fundi cherehani wetu alivaa mwaka juzi, kila masika anaapa upya. Mkewe anasema hata chumvi ikipungua kwenye mchuzi anasema naam." Akanyamaza kidogo, jambo ambalo lilinitisha. "Mimi nimekataa siku zote. Nilisema bora niachwe na mdomo wangu kuliko nichukuliwe bila huo mdomo."

"Na sasa?"

"Sasa wanaajiri. Wanatafuta watu wa kusikiliza upuuzi wako." Akasimama, akajikung'uta kanga.

"Lakini mama, jina! Ukiapa, utalitamkaje?"

"Tufike kwanza," akasema, na hiyo ikawa sentensi ya mwisho niliyoisikia kutoka kwake siku ile.

Aliyewaapisha alikuwa Bwana Sengo, mnyapara wa wasikilizaji wapya, mtu mrefu mwembamba mwenye masikio makubwa ambayo yalikuwa fahari ya Idara. Walisema Sengo husikia mchwa wakila mlango wa nyumba ya pili. Yeye kwa cheo chake aliruhusiwa kuzungumza mambo ya kazi, lakini maoni yake mwenyewe alikuwa ameapa kutoyatoa tangu ujana, wala hakuwa na haki ya kusema hata kama chai ni tamu. Alimweleza Bi Nyanzala masharti kwa upole, akamwambia kwamba siku ya kwanza mnyapara hufuatana na msikilizaji mpya popote aendako hadi jua lizame. Kisha akamfunga mshipi. Habari zilikuwa zimeshasambaa, na watu wa soko zima walikuja kumwona Bi Nyanzala amenyamaza. Wengine walibeba watoto mabegani ili nao waone.

Mimi nilipandishwa treni kesho yake bila shida yoyote. Wasikilizaji wa maoni yangu walihitaji mwenye maoni, basi nikapewa kiti cha dirishani, na kwa kadiri nilivyoweza kuona, mimi ndiye nilikuwa abiria pekee katika treni nzima. Bi Nyanzala alisimama kando yangu, kikapu kati ya miguu, na nyuma yake Bwana Sengo.

Safari ile sitaisahau. Nilizungukwa na nyuso zilizoinama upande mmoja, zote zikiningoja niseme. Nikasema treni inatikisika. "Nakusikia," wakaitikia wote kwa pamoja, mpaka kioo kikatetema. Nikasema kuna joto. "Naam." Nikasema basi sitaki kusema tena. "Endelea." Kijana mmoja alikuwa ameshika shavu lililovimba kama andazi, bila shaka alikuwa anakwenda kung'oa jino, na bado alinisikiliza mimi nikilalamika juu ya mto wa kiti. Msichana mwenye mshipi alikuwa amebana vitabu kwapani na midomo yake ilikuwa ikikariri kitu bila sauti. Fundi cherehani nilimtambua kwa futi ya kupimia iliyokuwa shingoni. Wote walikuwa na safari, wote walikuwa na la kusema, na wote walikuwa wakinisikiliza mimi ambaye sikuwa na lolote. Niliona aibu, na ninaisema kama ilivyokuwa. Wakati huohuo, katika hesabu za Idara, treni ile ilikuwa kamilifu: malalamiko yalikuwa yamepungua mwaka hadi mwaka na yalikuwa yamebaki ya mtu mmoja, mgeni.

Bi Nyanzala hakuteseka jinsi nilivyotazamia, angalau mwanzoni. Aligundua mapema kwamba maneno matatu yakipikwa vizuri yanatosha kwa mengi. Msikilizaji mmoja mwenye kuku alipomkanyaga, akamwambia "Naam?" kwa namna ambayo yule bwana aliomba radhi kwa macho. Kuku alipodonoa kikapu chake, akasema "Nakusikia!" mara mbili, na behewa zima likajua ukoo wa kuku yule na tabia za mwenyewe. Hata Bwana Sengo alitazama nje ya dirisha, mabega yakimcheza. Lakini tulipokaribia Katikati Bi Nyanzala alikoma. Akashika ncha ya mshipi akawa anaizungusha kwenye kidole, akiifungua na kuizungusha tena, na machozi yakamshuka kimya kimya, nami nikampa leso.

Nyumba ya Kabula ilikuwa nyuma ya soko la ngozi. Tuliingia mimi, yeye na Sengo, na kabla hatujavua viatu wanawake waliokuwa ndani wakapiga vigelegele, maana kitovu kilikuwa kimedondoka asubuhi ile ile, na walikuwa wameshakata tamaa. Kabula alikuwa kitandani, amechoka, anacheka. Kisha akaona mshipi. Kicheko kikamwisha.

"Mama, umevaa nini?"

"Nakusikia," akasema Bi Nyanzala.

Akampokea mtoto, akaketi naye juu ya mkeka. Wanawake wakamzunguka wakingoja. Jua lilikuwa limeshafika ukuta wa mbele na lilikuwa linapanda kuelekea darini, kwa vile huko nje lilikuwa linashuka. Bwana Sengo akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kazi kwamba anaomba radhi, lakini mwanga ukitoka ukutani mtoto akiwa hana jina, yeye kama afisa aliyepo atalazimika kumwandikisha Idarani kama Subiri.

Nikamvuta pembeni. "Bwana Sengo, toka nje kidogo. Kwa muda wa kukohoa tu."

"Siku ya kwanza simwachi. Ndiyo kazi."

"Basi ziba masikio."

"Bwana mgeni," akasema, "mimi nimeajiriwa masikio."

Nilimchukia wakati ule. Nilimchukia pia yule mtu wa relini aliyewahi kusema, na Mheshimiwa na leso yake, na nilijichukia mwenyewe kidogo. Mwanga ulikuwa umebaki kipande cha upana wa kanga. Mtoto akaanza kulia. Bi Nyanzala akambembeleza, akafungua mdomo, akamwangalia Sengo, akafunga. Niliyafahamu mawazo yake kana kwamba ameyasema. Akitamka jina, mjukuu atakuwa nalo, ila yeye atavuliwa mshipi, na kwa magoti yale hatafika tena Katikati; mtoto atakua na jina la bibi asiyemjua. Akinyamaza, atakuja kila siku kumwona Subiri.

"Mama," akasema Kabula, naye sasa alikuwa analia kama mtoto wake. "Umesafiri mpaka hapa kuja kuninyamazia?"

Bi Nyanzala akainama sikioni mwa mtoto. Nilidhani atanong'ona, ajaribu bahati yake na masikio ya Sengo. Hakunong'ona. Alitumia sauti ile ya sokoni, ya kuwaitia wateja wa ng'ambo ya barabara.

"Kalunde," akasema. "Unaitwa Kalunde. Ni jina la mama yangu, aliyelala relini akiwa na mimba yangu, kwa ajili ya mabehewa, hakulala kwa ajili ya masikio ya mtu. Mimi ni bibi yako Nyanzala. Nimekuja kwa treni iliyojaa watu na haina abiria. Nimenyamaza tangu jana, na tangu jana sijajisikia mzima. Unyonye vizuri, Kalunde, ukue, useme."

Akamrudishia Kabula mtoto. Halafu akakaa wima, akautoa mkono kwenye mshipi na kungoja avuliwe. Hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele. Sote tulimgeukia Bwana Sengo.

Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, mikono ikining'inia.

"Mtoto ameshapata jina?" akamwuliza Kabula.

"Kalunde," akajibu Kabula kwa sauti ndogo.

"Limetamkwa kabla jua halijazama?"

"Ndiyo."

"Na aliyelitamka ni bibi mzaa mama?"

Bi Nyanzala akaanza, "Mimi ndiye nili..." lakini Sengo akainua kiganja haraka.

"Mama, tulia. Nauliza, kwa sababu mimi sikusikia kitu. Kulikuwa na upepo mwingi."

Pazia la dirishani lilikuwa limening'inia, halitikisiki. Sengo akasogea, akaupandisha mshipi wa Bi Nyanzala ambao ulikuwa umeteleza begani, akaunyoosha vizuri. "Wangu wa kwanza anaitwa Subiri," akasema, kwa sauti ile ile ya kazi. "Na wa pili. Mama mkwe anakaa Ukingoni." Kisha akachukua kofia yake.

Alipofika kizingitini akageuka. Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa ameacha kulia na anatafuta titi.

"Jina zuri," akasema.

Mara akaweka mkono mdomoni, macho yamemtoka. Miaka yote ile ya kazi, na sasa alikuwa ametoa maoni, tena mbele ya chumba kizima cha mashahidi. Nadhani hata yeye hakujua kama sauti yake inaweza kusema kitu kama hicho. Alisimama pale kama mwizi aliyekamatwa, akingoja.

Bi Nyanzala akamtazama, akainamisha kichwa upande mmoja, kama walivyomfundisha.

"Nenda salama, mwanangu," akamwambia. "Sisi hapa hatukusikia kitu."